Gari la Daktari: Bugatti ya Gosforth na Hesabu ya Bei Yake

Gereji ya matofali, mwanga hafifu, na ndani yake gari jeusi la milango miwili limekaa juu ya matairi yaliyokwisha upepo. Vumbi limelilalia mpaka weusi wake umegeuka kijivu. Ndivyo zilivyoonyesha picha zilizotoka Januari 2009 katika kitongoji cha Gosforth, mjini Newcastle, kaskazini mwa Uingereza. Mpita njia angeliita mkweche, akauliza chuma chakavu siku hizi kinakwenda kilo shilingi ngapi. Tarehe 7 Februari mwaka huohuo Bonhams walilipiga mnada Paris, kwenye maonyesho ya Rétromobile, likaondoka kwa euro 3,417,500. Halikuwa limepigwa rangi wala kufufuliwa kwa namna yoyote.

Kazi yangu ni kukadiria magari kwa ajili ya bima na mirathi. Magari ya kawaida kabisa: Probox iliyogongwa kwa nyuma, Land Cruiser ya marehemu inayogombaniwa na ndugu wa mama tofauti. Magari ya mamilioni ya euro nayaona pichani kama wewe. Hata hivyo kisa cha Gosforth nakirudia kila ninapomfundisha kijana kazi hii, kwa sababu ya kosa ambalo mimi mwenyewe nililifanya miaka mingi: kuchukua bei ya gari zima, kutoa gharama ya kulitengeneza, kuandika jibu na kugonga muhuri. Kwa Probox hesabu hiyo inatosha. Kwa gari lililolala karibu nusu karne inakupeleka porini, na Bugatti hii inaonyesha njia inapindia wapi.

Lenyewe lilikuwa nini

Ni Bugatti Type 57S Atalante ya mwaka 1937, chasisi namba 57502, iliyotoka kiwandani Molsheim, katika jimbo la Alsace, Ufaransa. Aina ya 57 ilikuwa kazi ya Jean Bugatti, mtoto wa mwenye kiwanda, na zilitengenezwa kwa mamia. Zenye herufi S zilikuwa jambo jingine. Gari lilishushwa chini mpaka ekseli ya nyuma ikapitishwa katikati ya fremu badala ya chini yake, na oili ya injini ikahamishiwa kwenye tanki lake lenyewe ili injini nayo ikae chini. Injini ina silinda 8 zilizopangwa mstari mmoja, lita 3.3, kamshafti mbili juu. Ilivuka kilomita 190 kwa saa wakati magari mengi ya barabarani yakihangaika kufika 100. Hizo za S hazikufika 50, na zilizovalishwa bodi ya Atalante zilikuwa 17 tu.

Mwenyewe wa kwanza alikuwa Earl Howe, bwana mkubwa wa Kiingereza aliyeshinda mbio za Le Mans mwaka 1931 akipokezana usukani na Tim Birkin katika Alfa Romeo, na aliyekuwa rais wa kwanza wa klabu ya madereva wa mbio wa Uingereza. Alikaa nalo miaka kama minane. Baadaye likapita mikono michache, na mwaka 1955 likanunuliwa na daktari mmoja, mpasuaji, wa Newcastle. Aliliendesha miaka michache, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1960 akaliegesha. Hakuliendesha tena. Alipofariki mwaka 2007 ndugu zake wakaingia kwenye mali yake, wakalikuta. Kwenye dashibodi: maili 26,284, yaani kama kilomita 42,300.

Wako waliojua siku zote. Wapenzi wa Bugatti ni kama wazee wa kijiji, kila chasisi wanaijua ilizaliwa lini na iliolewa wapi. Walijua 57502 iko kwa daktari, wakanyamaza kila mtu na roho yake, akisubiri siku yake. Ukimya huo nao una thamani. Gari ambalo halijatangazwa kwa miaka 50 halijazoeleka machoni pa wanunuzi, na hakuna aliyekwisha kulikataa. Linganisha na lile linalopita mnadani kila baada ya miaka miwili: kila mtu anaanza kujiuliza lina kasoro gani.

Namba kwanza

Mlango wa gereji ukifunguliwa, macho ya kila mtu hukimbilia kutu. Ya mthamini yanatakiwa yakimbilie namba.

Huku kwetu jambo hili halina uzito mkubwa. Corolla ikifa injini unapandisha nyingine iliyotoka Japani, unabadilisha namba kwenye kadi, safari inaendelea, na pengine bei inapanda kwa sababu injini ni mpya kuliko gari. Kwa Bugatti ni kinyume kabisa. Kiwanda cha Molsheim kiligonga namba kwenye fremu, injini, giaboksi, ekseli ya nyuma, hata vipande vya bodi. Mafundi wa leo wanaweza kutengeneza bodi ya Atalante ambayo wewe na mimi hatutaitofautisha na ya 1937. Kwa hiyo unaweza kukutana na gari lenye fremu ya kweli, injini ya gari jingine, na bodi iliyozaliwa miaka ya 1980. Kila kipande kinasema ukweli, na gari zima ni uongo. Magari ya namna hiyo yapo, yanauzwa, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya lililo kamili.

57502 ilikuwa na fremu yake, injini yake, mitambo yake na bodi yake. Ile gereji yenye giza ilifanya kazi ya ulinzi: kwa karibu miaka 50 hakuna fundi aliyepata nafasi ya "kuiboresha".

Sasa tazama yaliyobadilishwa kabla ya hapo, maana yalikuwepo. Howe alifunga bampa za matakwa yake, vioo vya kutazamia nyuma kwenye nguzo za kioo cha mbele, na kichanja cha mizigo. Mmiliki mwingine baada yake akafunga supachaja ya Marshall. Kijana niliyekuwa namfundisha aliandika yote manne kwenye safu moja: "mabadiliko, punguza". Nikamwambia arudi.

Bampa na vioo vya Howe ni alama ya mkono wa mwenyewe wa kwanza, mtu ambaye jina lake ndilo linaloongeza bei. Ukivitoa ili gari lifanane na mchoro wa kiwanda, unafuta ushahidi kwamba lilikuwa lake. Hapo hupunguzi hata senti. Ningeongeza, kidogo.

Supachaja ndiyo inayohitaji kufikiri. Ni mashine inayosukuma hewa ndani ya injini ili iunguze mafuta mengi zaidi kwa wakati mmoja. Kiwanda kilikuwa na supachaja yake, na gari la S likifungwa hiyo huitwa 57SC, herufi ambayo sokoni ni kama sukari kwa sisimizi. Lakini 57SC zilizotoka kiwandani hivyo tangu siku ya kwanza ni mbili tu. Nyingine karibu zote zilirudishwa Molsheim baadaye kuongezewa. Yaani hata hao wanaotukuzwa wana kifaa cha kuongezewa, isipokuwa kimeongezwa na mkono wa nyumbani. Ya Marshall ni ya mkono wa nje. Je, ni dosari? Kwa maoni yangu ni ndogo sana, kwa sababu mbili. Ni kifaa cha kufunga na kufungua, na daktari alilikuta tayari likiwa nacho mwaka 1955. Kitu kikikaa kwenye gari zaidi ya nusu karne kimekuwa sehemu ya maisha yake. Lakini huwezi kuandika 57SC. Ukiandika hivyo umelipandisha gari daraja ambalo halikusomea.

Maili 26,284 niliziweka mwisho makusudi. Sisi tuliokulia kwenye magari ya mtumba tunajua namba za dashibodi zinavyorudishwa nyuma kwa dakika kumi. Peke yake namba hiyo haithibitishi kitu. Hapa inaaminika kwa sababu inakubaliana na habari nyingine zote: tarehe za umiliki, miaka michache ya kuendeshwa, na kuegeshwa kwenyewe.

Jinsi ya kutazama bila kugusa

Kwenye gari lililolala, mimi huanza na vichwa vya skrubu. Tochi ndogo, magoti chini, pua karibu na bawaba ya mlango. Skrubu ambayo haijawahi kufunguliwa ina mfereji wenye kingo kali, na rangi au uchafu wa zamani umejaa ndani yake bila kukatika. Iliyofunguliwa hata mara moja na fundi mwenye haraka hubaki na jeraha linalong'aa pembeni. Ukikuta bawaba tatu zenye uchafu uleule na ya nne imekwanguliwa, mlango huo umewahi kutolewa. Uliza kwa nini.

Kisha mbao. Magari ya namna hii ya zama zile yalijengwa bodi ya bati juu ya fremu ya mbao, na bati linaweza kuwa zuri huku mbao chini yake imegeuka unga wa mdudu. Unasukuma nguzo ya mlango kwa kidole gumba. Mlango ukishuka unapofunguliwa, fremu imechoka. Injini haipigwi stata hata kama betri mpya iko mkononi. Oili ya miaka 50 imekuwa lami, pete za pistoni zimeshikana na silinda, na mzunguko mmoja wa papara unavunja kitu kisichouzwa duka lolote. Breki zikiwa zimeng'ang'ania, gari linabebwa. Halivutwi.

Na halioshwi. Hapa ndipo ninapogombana na familia nyingi kuliko penginepo. Mwaka mmoja mama mjane aliniita Moshi nikatazame Peugeot 404 ya marehemu mumewe. Watu wa rika langu wanajua 404 ni gari gani: lilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na Bert Shankland, aliyeishi Tanzania, ndiye aliyelipeleka kwenye ushindi mara mbili kati ya hizo. Familia ilikuwa na hadithi kwamba gari lao liliwahi kushiriki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Nimewaambia vijana walipige rangi kidogo na kulisafisha, ili ulione vizuri."

Lilikuwa linang'aa jekundu. Kama milango iliwahi kuwa na namba za mashindano, au alama ya kibandiko chini ya rangi ya zamani, au matundu ya taa za ziada kwenye bati la mbele, vijana walikuwa wamesugua na kuziba vyote kwa uaminifu mkubwa. Karatasi hazikuwepo. Nililiandikia bei ya 404 nzuri ya kawaida. Mama alinishukuru, akanipa na mkungu wa ndizi. Sikumwambia. Ningemwambia nini?

Bei ya kulinganisha, na fedha iliyoibiwa njiani

Turudi Gosforth. Namba ziko sawa, karatasi ziko sawa, mwenyewe wa kwanza ana jina. Sasa mthamini anatafuta gari la kulinganisha, na mwaka huo alikuwa na bahati ya ajabu. Miezi sita tu kabla, Agosti 2008, kampuni ya Gooding iliuza Pebble Beach, California, Bugatti 57SC Atalante ya 1937 kutoka mkusanyo wa Peter Williamson, Mmarekani aliyekuwa naye ni daktari. Bei: dola 7,920,000.

Mwaka uleule, aina ileile, bodi ileile. Kwa watu wanaopenda kutoa, kazi imekwisha: dola milioni 7.92 dhidi ya euro milioni 3.4, ambazo siku ya mnada wa Paris zilikuwa kama dola milioni 4.4. Upungufu wa asilimia 44. Magazeti yangesema gari bovu hupoteza karibu nusu ya bei.

Lakini kati ya Agosti na Februari benki ya Lehman Brothers ilianguka na fedha za dunia zikacheza ngoma. Agosti pauni moja ilinunua kama dola 1.86. Februari ilinunua chini ya 1.50. Euro nayo ilishuka kutoka kama dola 1.47 hadi karibu 1.29. Kwa hiyo bei ya Pebble Beach ilikuwa kama euro milioni 5.4, au pauni milioni 4.25. Bei ya Paris ilikuwa kama pauni milioni 3.04. Ukihesabu kwa euro upungufu ni asilimia 37. Ukihesabu kwa pauni, fedha ambayo warithi wangeitumia dukani, ni asilimia 28.

Gari ni moja, siku ni moja, na "hasara ya kutotengenezwa" ni 44, 37 au 28 kutegemea pochi iliyo mfukoni mwako. Yeyote aliyewahi kuagiza gari Japani shilingi ikateleza meli ikiwa baharini anaelewa maumivu haya bila mwalimu. Ninashangaa tu ni mara ngapi watu wanaojiita wachambuzi wa magari ya kale hubandika bei za dola za miaka tofauti kwenye jedwali moja, wakatoa hitimisho kuhusu kutu.

Tubaki na pauni. Pengo ni kama milioni 1.2. Kulifufua gari kama hili ni kazi ya mamia ya maelfu ya pauni, hasa mbao na injini zikihitaji mkono. Hata ukiwa mkarimu kwa mafundi, hujaziba pengo. Kilichobaki kinakwenda wapi?

Sehemu moja ni woga wa msimu. Februari 2009 hata tajiri alikuwa anahesabu mara mbili. Sehemu nyingine ni supachaja: la Williamson lilikuwa 57SC, la Howe halikuwa. Na sehemu ambayo watu huisahau ni kwamba mnunuzi wa gari lililolala ananunua asichokiona. Anaweza kufungua injini akakuta silinda zimepasuka kwa barafu ya majira ya baridi ya miaka 40. Anaweza kukuta ni safi. Kampuni ya mnada haimwekei dhamana. Bei ya hofu hiyo haipo kwenye karatasi ya fundi, na huwezi kuipata kwa kutoa. Unaipata kwa kujiuliza ni wanunuzi wangapi watakuwa chumbani wenye moyo wa kulala na swali hilo.

Kuna jambo dogo la kiutendaji ambalo warithi wengi hulijua wakiwa wamechelewa: bei zinazotangazwa zina kamisheni ya mnunuzi ndani yake. Nyundo hugonga kwenye namba ndogo zaidi, na kutoka hapo muuzaji naye anakatwa yake. Mthamini wa mirathi akiandika bei ya magazeti kama thamani ya kugawana, anagawa fedha ambazo hazitaingia benki.

Vumbi lilipopanda bei

Kama kisa kingeishia hapo, mtu angesema sawa, gari lisilotengenezwa hupungua, tumebishana tu ni kiasi gani. Miaka sita baadaye, palepale Rétromobile, hesabu iligeuka kichwa chini.

Tarehe 6 Februari 2015 Artcurial waliuza magari 59 yaliyokutwa magharibi mwa Ufaransa, mali ya familia ya Roger Baillon, mwenye kampuni ya usafirishaji aliyeota kujenga makumbusho na biashara ikamgeukia katika miaka ya 1970. Mengi yalikuwa yameozea chini ya mabanda ya bati. Moja lilikuwa ndani, limefunikwa kwa marundo ya magazeti: Ferrari 250 GT SWB California Spider, ambayo iliwahi kuwa ya mwigizaji Alain Delon. Artcurial walikadiria euro milioni 9.5 hadi 12. Nyundo iligonga kwenye 14.2, na pamoja na kamisheni likafika 16,288,000, kama dola milioni 18.5. Agosti iliyotangulia, Ferrari nyingine ya aina hiyohiyo, inayong'aa, iliuzwa Pebble Beach kwa dola 15,180,000.

Lenye vumbi lilizidi linalong'aa. Unatoa nini hapo? Delon ana sehemu yake, na dola ilikuwa imepanda, kwa hiyo kwa euro tofauti ilikuwa kubwa hata zaidi. Lakini ukishaondoa yote hayo, bado kuna kitu: ladha ya wanunuzi ilikuwa imehama. Gari linaweza kutengenezwa mara tano. Kuwa halijaguswa ni mara moja tu, na wenye fedha walikuwa wameanza kulipia hiyo mara moja.

Dalili zilikuwepo mapema. Januari 2010, mwaka mmoja baada ya gari la daktari, Bonhams waliuza Bugatti Type 22 iliyokaa chini ya maji ya Ziwa Maggiore tangu miaka ya 1930. Upande mmoja chuma kilikuwa kimeliwa hadi mifupa. Ilinunuliwa kwa euro 260,500 na kuwekwa kwenye makumbusho ya Peter Mullin, California, vilevile ilivyotoka majini. Gari ambalo haliwezi kwenda mita moja.

Nikiitazama 2009 kutoka hapo, naona gari la Gosforth liliuzwa kwenye mpaka wa zama mbili. Wanunuzi wengi bado walikuwa wakiliona kama kazi ya kufanywa. Wachache waliliona kama kitu cha kuhifadhiwa. Bei iliyopatikana ni ya zama ya kwanza, pamoja na senti za mwanzo za ile ya pili.

Rudi tena mnadani

Tarehe 5 Septemba 2020, kwenye mnada wa Gooding London, 57502 iliuzwa tena. Sasa ilikuwa nyeusi ya kung'aa, imetengenezwa. Pauni 7,855,000.

Kutoka pauni milioni 3.04 hadi hapo ni zaidi ya mara mbili na nusu kwa miaka 11 na miezi saba, kama asilimia 8.5 kwa mwaka. Inapendeza. Lakini ndani ya namba hiyo kuna gharama ya mafundi, bima, hifadhi na kamisheni ya kuuza, na ukizitoa faida inakuwa ya kawaida zaidi kuliko inavyosikika kwenye baraza la kahawa. Wanaosema warithi waliibiwa mwaka 2009 wanasahau pia kwamba wengi hawawezi kumiliki gari moja kwa pamoja kwa miaka 11 na bado wakasalimiana sikukuu. Mimi nimeona ndugu wawili wakishindwa na pikipiki.

Kuna swali ambalo mauzo ya 2020 hayajibu, na hakuna mauzo yatakayolijibu: lingeuzwa kiasi gani kama lingekuja mwaka huo na vumbi la daktari juu yake? Gari lenyewe lilikuwa moja, na limekwisha kutengenezwa.

Nilimpa yule kijana zoezi. Jifanye uko Gosforth Desemba 2008, unajua bei ya Pebble Beach, hujui ya Paris, andika karatasi. Aliporudisha na mimi nikaandika yangu, ingawa kwangu ni udanganyifu kwa sababu jibu nalijua. Nilianza na pauni milioni 4.25. Nikatoa asilimia 15 kwa ajili ya msimu. Nikatoa laki nne za kazi, kisha nikapanua chini kwa ajili ya yasiyoonekana na juu kwa ajili ya jina la Howe. Milioni 2.7 hadi 3.4. Kuuzwa: Paris, kwa euro, kwa sababu pauni imelala na wanunuzi wa Bugatti wako Ulaya bara. Hali: kama lilivyokutwa. Bampa, vioo na kichanja: vibaki. Kwenye mstari wa supachaja kijana alikuwa ameandika "itolewe, irudishwe ya asili". Nilikata kwa kalamu nyekundu, nikaandika pembeni: iachwe, mnunuzi aamue.